Mkubwa Akiugua: Mwongozo kwa Mkazi wa Same

Habari kwamba mkubwa anaumwa huwahi kufika Same kuliko basi. Abiria aliyeshuka stendi akitokea Dar es Salaam anaisema kwa sauti ya chini, muuza maji anaidaka, dereva wa gari la Mamba anapanda nayo mlimani, na kufika alasiri huko Gonja kuna mtu anayejua mpaka jina la daktari na rangi ya shuka. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekaa katikati ya safari hiyo, simu mkononi, sauti ya mtu usiyemjua ikikuambia, "Ndugu zangu, nimeipata hii kutoka ndani kabisa."

Anza na pole, hata kama hukumpigia kura. Kiongozi aliyelazwa ana mwenzi anayekesha kitandani na watoto wanaosubiri majibu ya vipimo. Huku kwetu mtu akiugua tunakwenda kumjulia hali, na madai tuliyo nayo naye yanangoja. Basi muombee, msikitini au kanisani, na umuombee kweli. Na usicheke. Februari 2015 Rais wa Zimbabwe, Robert Mugabe, mwenye umri wa miaka 90, alijikwaa kwenye zulia jekundu uwanja wa ndege wa Harare. Dunia ikaikata picha yake na kuibandika kila mahali pa kuchekesha. Mzee wa miaka 90 akijikwaa hakuna cha kucheka hapo. Swali la kuulizwa siku ile lilikuwa nani atamfuata na kwa utaratibu gani. Halikujibiwa, na Novemba 2017 wanajeshi wakalijibu kwa namna yao: wakashika nchi.

Ukishatoa pole, tenganisha mwili na kiti. Mwili ni wa mgonjwa, una siri zake, na hakuna anayekudai ujue dawa anazomeza. Kiti ni cha kwako. Kama aliyekikalia hawezi kusaini karatasi, una haki ya kujua nani anasaini. Wengi wanashindwa hapa: wanachimba mwili, wanakisahau kiti. Wanataka kujua ni moyo au ni mapafu, hawaulizi nani ameongoza kikao cha Baraza la Mawaziri wiki hii.

Machi 2021 tuliuona ugumu wenyewe. Rais John Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Siku zikapita. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, alisema amezungumza na Rais, ni mzima na anachapa kazi. Polisi wakakamata watu kadhaa kwa madai ya kusambaza uvumi kwamba anaumwa. Usiku wa tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatokea kwenye televisheni ya taifa na kutangaza kwamba Rais amefariki kwa ugonjwa wa moyo katika Hospitali ya Mzena.

Siku kama zile, fanya hivi. Usimzike mtu ambaye familia yake haijatangaza msiba. Usimpe uzima mtu ambaye hujamwona. Sauti zote zinazotumwa usiku zifute, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza taarifa za uongo ili kupotosha umma. Ila swali usilifute. Liulize mchana, kwa jina lako, kwa diwani, kwa mbunge, kwenye mkutano wa hadhara: mheshimiwa, nani anashika kazi? Anayeogopa swali hilo ndiye anayeulisha uvumi, kwa sababu mtu akinyimwa taarifa hanyamazi, anajitengenezea yake. Na wenye mamlaka waelewe kwamba mwananchi aliyeambiwa leo kuwa mambo ni shwari, kesho akasikia msiba, taarifa ijayo hataiamini hata ikiwa ya kweli.

Mji huu unajua kuuliza hadharani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapa Same kuupinga mfumo wa kodi uliojulikana kama mbiru. Walikaa peupe, wakiwa na sura na majina, mbele ya serikali ya kikoloni. Wajukuu wao hawana sababu ya kunong'ona.

Hatua inayofuata inataka usomaji kidogo. Katika simu yako, pale ulipofuta zile sauti, weka Ibara ya 37 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Utakuta kwamba Rais akishindwa kumudu kazi kwa maradhi ya mwili au ya akili, Baraza la Mawaziri linaweza kumwomba Jaji Mkuu athibitishe hivyo, naye anateua bodi ya utabibu ya watu wasiopungua watatu. Utakuta pia kwamba kiti kikiwa wazi, Makamu wa Rais anaapishwa kumalizia muda uliobaki. Ndivyo ilivyokuwa: tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya tangazo, Samia Suluhu Hassan aliapa. Aliyeisoma ibara hiyo mapema hakukesha akibishana kijiweni kama jeshi litaingia au Spika atachukua. Alilala.

Kisha, usigawe vyeo. Kuna watu ambao mkubwa akipiga chafya tu, wao wameshapanga baraza jipya. Mwaka 1976 Kenya, Mzee Jomo Kenyatta akiwa amezeeka sana, kundi la wanasiasa lilizunguka kutaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asishike nchi hata kwa zile siku 90 za mpito. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawakumbusha kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Mjadala ukazimwa kwa woga, mawazo hayakuzimika. Katiba haikuguswa, na Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi akaapishwa siku hiyohiyo. Kilichoivusha Kenya ni sheria iliyokuwa imeandikwa tayari. Kitisho cha kitanzi hakikuivusha.

Ukiwa mkubwa mwenyewe unasoma hapa, nawe una lako: sema. Mwai Kibaki, akigombea urais wa Kenya, alipata ajali ya gari tarehe 3 Desemba 2002, kampeni zikiwa zimepamba moto, akiwa na miaka 71. Tarehe 30 akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu una plasta, mbele ya umati mkubwa. Mguu wenye plasta haukumpunguzia heshima. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani. Ikulu ikatoa taarifa, naye aliporudi akawaeleza wananchi kwamba ilikuwa saratani ya hatua za mwanzo. Uvumi haukupata pa kukalia. Na wewe mwanaume wa miaka 50 na zaidi uliyemjadili siku zile kwenye kahawa, je, ulikwenda kupima? Nenda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko jirani, Usangi. Novemba 1980 Edward Sokoine aliacha uwaziri mkuu kwa sababu za afya, na Mwalimu Nyerere akamteua Cleopa Msuya, mzaliwa wa Chomvu, hukohuko Usangi. Februari 1983 Sokoine akarudi kazini. Msuya akaachia kiti, akashika Wizara ya Fedha, kazi ikaendelea. Fikiria ni wangapi wangekubali kushushwa ngazi namna hiyo bila kuunda kundi. Aprili 1984 Sokoine akafa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, na Salim Ahmed Salim akashika nafasi. Msuya alikuja kuwa Waziri Mkuu tena kuanzia Desemba 1994 hadi Novemba 1995, na mwaka 2000 akaacha na ubunge wa Mwanga.

Alifariki tarehe 7 Mei 2025, akiwa na miaka 94. Kwa miaka 25 Mzee Msuya alizeeka, na mwili wake ukawa wake na wa familia yake. Akilazwa, hakuna aliyekimbilia dukani kununua sukari ya akiba, hakuna aliyekamatwa kwa kuuliza hali yake, shilingi haikushtuka. Taifa lilipoomboleza kwa siku saba na akazikwa kwao, tulilia kwa nafasi, bila hofu. Heshima hiyo mzee anajitafutia mwenyewe, kwa kuinuka kitini angali na nguvu za kutembea.

Ikulu iko mbali. Zoezi lako lianzie kijijini. Mwenyekiti wako, aliyekalia nafasi muhula baada ya muhula, akianguka na bodaboda kwenye kona za Chome akapelekwa Hospitali ya KCMC na nyonga iliyovunjika, barua ya mwanao ya kuombea mkopo wa chuo itapigwa muhuri na nani? Muhuri uko ofisini, au uko kabatini kwake chumbani na ufunguo ameondoka nao mfukoni? Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na ina mtendaji ambaye ndiye katibu. Peleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, mwenyekiti akiwa mzima na ameketi mbele. Mwamkie kwanza, mwambie shikamoo mzee, halafu muulize.