Farasi Kumi wa Gerezani

Gari langu ni Toyota IST, cc 1298, na kwa miaka sita tuliishi bila kudaiana. Kisha mpwa wangu akamaliza chuo, akakosa kazi, akaanza kulionea gari huruma.

“Anko,” aliniambia Jumamosi moja, huku akilizunguka kama mnunuzi wa mbuzi, “hili gari limebanwa pumzi.”

Injini yake, 2NZ, ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 87. Mpwa alipiga hesabu kwamba tukilifungua pua kwa mbele na koo kwa nyuma, tutapata farasi wengine 10. Mimi nina miaka 51 na bajaji hunipita kwenye kilima cha Kimara. Farasi 10 niliwaona wana maana kabisa.

Tukaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri ya Dar es Salaam, tukanunua ile filta ya uyoga, nyekundu, inayokaa wazi chini ya boneti kama kofia ya sherehe. Fundi chini ya mwarobaini akang’oa boksi la filta ya zamani, akakata mafla, akayasukuma masega ya ekzosi kwa nondo mpaka yakatoka yote. Masega akayatia kwenye mfuko wake, nami nikamshukuru kwa kunitupia taka. Kwamba yana madini kama platinamu na paladi, nilikuja kuambiwa baadaye sana.

Mwisho akachomoa terminali ya betri, akaagiza soda kwa hesabu yangu. “Kompyuta lazima isahau ya zamani, mzee,” alisema. “Ikiamka itajikuta mtu mwingine.”

Kweli iliamka mtu mwingine. Sailensa ilipanda na kushuka yenyewe kama pumzi ya mtu aliyekimbizwa na mbwa. Lakini barabarani, jamani! Ngurumo ile! Nilipofika Kimara Mwisho nilikuwa na uhakika kwamba nimekimbia kuliko siku yoyote ya maisha yangu, mpaka bajaji ikanipita. Kelele ndiyo iliyokuwa inakimbia; gari lilikuwa palepale. Mke wangu alikuta geti limeshafunguliwa na majirani, waliodhani linakuja lori la mchanga.

Kufikia Jumatano hata ule utamu wa uongo ulikuwa umekwisha. Gari zito, bomba la ekzosi jeusi kama sufuria ya kuni, na mafuta yaliyokuwa yakinifikisha Jumamosi yamekauka katikati ya wiki. Alhamisi, kwenye foleni ya Ubungo, taa ya injini ikawaka.

Fundi umeme niliyepelekwa hakushika hata spana. Alichomeka kimashine chini ya usukani, akasoma simu yake, akacheka peke yake. Nikamwomba anichekeshe na mimi.

Maelezo yake nayaweka kwa lugha ya nyumbani kwetu. Kompyuta ya gari ni shangazi yangu wa Tanga akiwa mbele ya mchuzi wa papa. Ana kipimo chake kichwani: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ulimi wake ni sensa ya oksijeni, iliyochomekwa kwenye ekzosi, nao unaonja kila moshi unaopita. Ukionja oksijeni imebaki nyingi, maana yake mchuzi umepooza, basi shangazi anaongeza petroli. Ikikosekana, anapunguza. Akijikuta anaongeza kila siku kwenye sufuria ileile, hangoji tena kuonja: anaiandika kwenye kumbukumbu, na kesho yake akiingia jikoni mkono uko kwenye chumvi tayari. Hata ukikanyaga mafuta mpaka chini, wakati ambao hajali sana ulimi, anamimina akiwa na ile kumbukumbu.

Sasa yule fundi wa mwarobaini alirudisha bomba na gasketi ileile ya zamani, ikaacha upenyo mbele kidogo ya sensa. Hewa ya nje ikawa inavutwa humo. Yaani shangazi kila akichota kijiko, kuna mtoto mtundu anakitilia maji. Anaonja, anashangaa, anaongeza. Siku nne alikuwa anaongeza. Kimashine kilisoma jumlisha asilimia 27, na ndipo alipochoka akawasha taa.

“Na farasi wangu?” niliuliza.

Akafungua boneti, akaniambia niweke kiganja karibu na ule uyoga. Feni ya rejeta ilikuwa inaupulizia joto la kukaushia nguo. Hewa ya moto ni nyepesi; kompyuta inaipima, inaona imepungua, inapunguza na petroli. Injini ikianza kugonga kwa joto, inachelewesha na cheche. Kwa hiyo kila nilichokinunua kufungua kulia, yenyewe ilikaa usiku na mchana ikikifunga kushoto, bila kulalamika, kwa hesabu nzuri kuliko zetu.

“Bosi wangu,” alisema, “hii kompyuta imekuvumilia sana.”

Tukanunua gasketi mpya. Boksi la filta lilikutwa jikoni kwangu, limetiwa vitunguu. Betri ikachomolewa mara ya pili, na kwa siku mbili tatu gari likawa linasitasita kwenye foleni kama mgeni anayetafuta swichi ya taa gizani, kisha likazoea. Mpwa alilipanda siku ya kwanza, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika: “Anko, unasikia lilivyokuwa jepesi? Huu uyoga ungeukosa!” Sikumwambia kwamba uyoga ulikuwa miguuni pake, ndani ya mfuko wa Rambo.

Niliurudisha Gerezani Jumamosi. Muuzaji aliugeuza, akaupuliza vumbi, akanitajia moja ya tano ya bei niliyomlipa.

“Si wiki mbili hizi nimeununua hapahapa?”

“Ndiyo, mzee,” alinijibu kwa upole. “Lakini umeshazoea gari lingine.”