Jinsi ya Kupokea Sifa Yenye Neno Quite

Kwanza, usifungue soda. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi ya tafsiri alipata barua pepe kutoka kwa mhariri wa London: kazi yako ni "quite good". Akanijia mbio. "Kaka, wamesema nzuri sana!" Nikamwomba ashuke hadi aya ya pili. Sura tatu zirudiwe. Mwingereza alikuwa amesema nzuri kiasi. Maneno hayohayo yangetoka kwa Mmarekani, huenda tungesherehekea.

Pili, tazama neno linalofuata. Kama ni jambo lisilo na nusunusu, quite ni "kabisa": aliye "quite dead" amekufa fofofo. Kama lina ngazi, mfano uchovu au joto, jihadhari na utege sikio. Mwingereza akitia mkazo kwenye quite lenyewe, sifa inapungua. Akiutia kwenye neno linalofuata, inapanda. Barua pepe haina sauti, ndiyo maana watu huumia.

Tatu, na hapa usiwe na haraka, rudi kwenye asili. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliingia nao, na maneno yake yakaendelea kumiminika kwenye Kiingereza kwa karne kadhaa. Quite limetoka huko. Lilimhusu mtu aliye huru, asiyedaiwa. Mzizi wake wa Kilatini, quietus, ni aliyetulia. Quit, quiet na acquit ni ndugu zake wa damu. Kwa hiyo Mwingereza wa karne ya 14 aliyefanya jambo quite alilimaliza kama mtu anavyomaliza deni, mpaka senti ya mwisho. Maana hii ya "kiasi" ilikuja baadaye sana, ikashika mizizi katika karne ya 19. Ile ya kale bado ingali hai: kazi iliyo "not quite" tayari ni deni lililobakiza kidogo.

Historia hii naipenda mno, kwa sababu hata very lilianza kama neno la Kifaransa la "kweli". Nasi je? Tukionja pilau iliyokolea, tunasema tamu kweli, na hakuna aliyedai ni ya uongo.

Nne, shika penseli. Kijana wetu aliichapa ile barua, akaandika "kiasi" pembeni, akavuta kiti na kuifungua sura ya kwanza.