Mama Mkwe, Taulo na Barafu Isiyokuwepo

Mama mkwe wangu ameniona na taulo. Sina namna ya kulisema jambo hili kwa adabu zaidi. Ni jana asubuhi, hapa Kent, jirani na Seattle, na tangu hapo ananisalimia huku akitazama zulia.

Nilikuwa bafuni, povu limejaa kichwani, nikasikia: "Moto! Baba Zuhura, nyumba inaungua!" Mwanamke wa Tanga akipiga ukelele wa moto, huulizi maswali. Nikachomoka nilivyo, nikamkuta uani, mtandio begani, ndoo mkononi, ameikabili mashine ya kupasha nyumba joto. Kweli ilikuwa inafuka. Wingu jeupe limepanda mpaka usawa wa dirisha la juu, feni imesimama, na ndani kitu kikapiga "fwaaa!" refu. Jirani yuko kwenye uzio, simu sikioni, anaongea na zimamoto.

"Mama, huo ni mvuke," nikasema, nimeshika taulo kwa mikono miwili.

Akaimwaga ndoo hivyo hivyo. Nusu ikanipata mimi. Zimamoto wakaja, wakaiangalia mashine, wakaniangalia mimi, wakaondoka.

Lakini mashine yenyewe ni tamu kuielewa. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalichota nje na kulileta ndani. Ni friji, ila kinachopozwa ni uwanja. Hewa ya nyuzi 3 juu ya sifuri kwetu ni baridi ya kutoboa mifupa, na bado joto limo. Ili kulivuta, koili ya nje lazima iwe baridi kuliko hewa, basi inashuka chini ya sifuri, na unyevu unaopita unaganda kwenye mapezi yake ya alumini. Kwa manyunyu ya Seattle, barafu haikosi maji. Ajabu ni kwamba kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri barafu inayojengeka hupungua, kwa sababu hewa ya baridi kali haibebi maji mengi. Mapezi yakiziba, hewa haipiti. Hapo valvu ya njia nne inageuza mkondo wa gesi: joto linatolewa ndani ya nyumba na kupelekwa nje kuyeyusha barafu. Feni ya nje inasimama ili isilipeperushe. Barafu inakuwa maji, maji yanafuka, na mvuke unamwita mama mkwe. Wakati huo hita ya umeme inawaka ndani ili walioko sebuleni wasipulizwe baridi. Ni dakika chache, kisha mambo yanarudi kama kawaida.

Sasa, nani anaamua muda wa kuyeyusha umefika? Mashine zenye akili hupima joto la koili na la hewa, zikalinganisha, zikajua kama barafu imejaa. Yangu ina saa. Fundi niliyemwita kuikagua alipofungua kifuniko, nilichungulia: bodi, pini zilizoandikwa 30, 60 na 90, na kiplastiki kidogo kuliko ukucha kimechomekwa kwenye 30. Yaani kompresa ikishafanya kazi nusu saa, mradi koili ni ya baridi, barafu iwepo isiwepo, inayeyushwa. Wiki iliyopita ulivuma upepo mkavu kutoka mashariki, mapezi hayana hata chembe, na bado joto langu lilitolewa nje kwa ratiba.

Nikamwomba akihamishie walau 60. Akasema hiyo ni huduma nyingine, akataja bei. Kuchomoa na kuchomeka! Hapa sitanii tena. Hita ile naiwasha kwa pesa yangu, na aliyeifunga mashine hakuuliza hata hali ya hewa ya ninapokaa. Alikiacha kiplastiki alipokikuta, akachukua hundi.

Na hasara si ya bili tu: maji yaliyodondoka kwenye mashine yaliganda njiani, mleta barua akateleza.

Wewe unayefikiria kununua, kabla ya kusaini muulize muuzaji: inayeyusha kwa saa, au kwa kupima? Akikujibu "zote ni sawa tu", chukua koti lako uondoke.