Mheshimiwa Tangi Jeusi



Katika gari-nyumba, lile gari refu lenye vitanda, jiko, friji na choo ambalo Wamarekani hulikodi kiangazi wakazunguka nalo nchi pamoja na watoto, kila msifuji ana mtu wake. Yuko anayemsifu dereva. Yuko anayemsifu mama aliyekaa pembeni ya dereva, ambaye kwa mkono mmoja hugawa zabibu na kwa mwingine huamua kesi ya kalamu za rangi. Hao wote nawaheshimu, ila ni watumishi. Mkuu wa kaya amelala chini ya sakafu, hana dirisha, haoni mandhari yoyote, wala hatajwi wakati wa chakula. Wenyeji humtofautisha na mwenzake kwa rangi: tangi la kijivu hupokea maji ya sinki na bafu, jeusi hupokea yale mengine. Mheshimiwa ninayemzungumzia ni hilo jeusi.

Mtu mkubwa huanzwa na nasaba. Mwaka 1910, kwenye maonyesho ya magari ya Madison Square Garden jijini New York, kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha Touring Landau, gari la matajiri. Kiti chake cha nyuma kiligeuka kitanda, beseni la kunawia lilikunjuka kutoka nyuma ya kiti cha dereva, na abiria walizungumza na dereva huyo kwa simu ingawa alikuwa mbele yao tu. Ndani mlikuwa pia na poti. Huyo ndiye babu. Alihitaji mtumishi wa kummwaga, na historia imetunza jina la gari, la mtumishi ikalisahau. Nusu karne na ushei baadaye, mwaka 1966, Winnebago wa Forest City, Iowa, wakaanza kuunda magari-nyumba kwa wingi, kwa bei ambayo hata mwalimu au fundi angethubutu kuiuliza. Wajukuu wa poti wakashuka kwa watu wa kawaida, lakini mtumishi hakushuka nao. Tangu hapo mwenye gari na mtumishi ni mtu mmoja.

Msomaji aliyekulia kwenye mabasi ya mikoani ataelewa upesi ukubwa wa jambo hili. Enzi zetu kondakta alipaza sauti, “Wachimba dawa!”, basi likasimama katikati ya pori, wanaume kushoto, wanawake kulia, kanga ikawa ukuta, na kabla hujamfunga mtoto suruali dereva ameshapiga honi ya pili. Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake: hewa safi, na hakuna anayekudai. Lakini upeleke kwenye barabara kuu ya I-90, inayoikata Marekani kutoka Boston hadi Seattle, uone. South Dakota ni nyasi na mbingu. Kichaka cha kumsitiri mtu mzima utakitafuta mpaka uchoke. Na mtoto wa miaka mitatu hajali kituo kijacho kiko umbali gani. Akisema, “Baba, mkojo,” usidhani anakupa ratiba. Anakusimulia yaliyokwisha kuanza. Hapo unatoka barabarani, unaegesha, unamfungua mkanda, na pori lako la kuchimbia dawa liko hatua tatu tu nyuma ya kiti, umekuja nalo mwenyewe.

Nchi yenyewe imejipanga kulitafutia tangi kazi. Katika mji mdogo wa Wall, South Dakota, kuna duka la dawa lililonunuliwa mwaka 1931 na Ted Hustead. Biashara ilikuwa imelala. Mwaka 1936 mkewe, Dorothy, akapata wazo la kuweka mabango barabarani kuwaahidi wasafiri maji ya barafu bure. Wasafiri wakafurika, na mpaka leo mabango ya Wall Drug hukuandama kwa mamia ya kilomita kabla hujauona mji. Watu wa masoko huisimulia hadithi hiyo kwa kumvulia Dorothy kofia. Baba mwenye watoto wawili wanaojua kusoma na mmoja anayejifanya kujua ana maoni mengine: bango baada ya bango, asubuhi nzima, watoto wake wanaahidiwa maji. Wakifika wanakunywa kwa kisasi. Dorothy alijua kulijaza duka. Kilomita hamsini mbele, kinachojaa ni tangi.

Na kujaa kwake ni elimu. Tangi la kawaida huchukua galoni 30 hadi 40, yaani lita 115 hadi 150 hivi. Utaona ni nyingi, mpaka uwe na mtoto aliyegundua kwamba choo cha garini humwaga maji kwa kukanyaga pedeli. Ukutani kuna kibao chenye taa: tupu, theluthi moja, theluthi mbili, limejaa. Wazoefu watakwambia taa hizo ni waongo, kwa sababu karatasi hunasa kwenye vihisi na tangi tupu likaendelea kujitangaza limejaa. Wanalalamika bure. Mkuu gani wa kaya hutangaza hali halisi ya hazina kila anapobonyezwa?

Masharti yake nayo ni mazito kuliko ya mganga. Karatasi ziwe zile nyepesi zinazoyeyuka majini. Dawa ya buluu itiwe upya kila baada ya kumwaga, na huko California, tangu 2022, isiwe na fomaldehaidi. Valvu isifunguliwe kabla tangi halijafika theluthi mbili. Hili la mwisho huwashinda wageni. Wakifika kwenye kambi yenye bomba la majitaka huunga mpira, wakafungua valvu na kuiacha wazi usiku kucha, wakidhani wanalipumzisha. Maji yote hutiririka yakaondoka. Yabisi hubaki, yakalundikana chini ya tundu la choo, yakakauka, yakaota kilele. Kinachosukuma mzigo ule ni uzito wa maji mengi yanayotoka kwa mkupuo, na mkupuo hauji bila kungoja. Nimesikia mawaidha mengi juu ya subira, lakini hakuna yaliyonikaa kama haya.

Sasa angalia mamlaka yake. Baba akisema tuondoke saa mbili, hainuki mtu. Mama akisema, anainuka mmoja. Taa ya mwisho ikiwaka, ukoo mzima umefunga mikanda na mtu anauliza kwa nini gari haliondoki. Hata pa kulala, familia yangu ilipokodi gari hilo, tangi lilituchagulia lenyewe. Hifadhi ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872, ina makambi mazuri kando ya mito na msituni, lakini ni Fishing Bridge peke yake ambako unapoegesha unakuta maji, umeme na bomba la majitaka vinakungoja. Mahema hayaruhusiwi hapo, wala gari lenye kuta za turubai, kwa sababu dubu wa grizi hupatembelea. Kwa hiyo tangi, kwa ajili ya starehe zake, likatulaza jirani na dubu, na hakuna aliyethubutu kupinga.

Mama yangu alikuwa nasi, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Asubuhi ya kumwaga akajitanda kanga akatoka kuona kinachonichelewesha. Akanikuta nimepiga magoti, glavu hadi kwenye viwiko, nimeshika mpira kwa mikono miwili.

“Mwanangu,” akasema, “nimeuza minazi ukasome Ulaya, kumbe umekuja kusomea utopasi?”

“Mama, hapa kila mtu hufanya mwenyewe.”

“Hata madaktari?”

“Hata madaktari, mama. Yule mzee pale ni daktari wa meno.”

Akamtazama yule mzee, ambaye naye alikuwa akihangaika na mpira wake, kofia imemwendea upande. “Basi msalimie,” akasema. “Mwambie pole na kazi.”

Nilimwambia. Yule mzee akafurahi, akaja kunionyesha namna bora ya kuinua mpira ili usibakize kitu. Penye kumwagia ndipo nilipopata marafiki wote wa safari ile. Kando ya maporomoko ya maji watu hupigana picha na kupishana.

Mwisho wa mpira, hapo unapoingia ardhini, huungwa kiwiko cha plastiki angavu. Kazi yake pekee ni kukuonyesha kinachopita, ili ujue lini maji yametakata. Jeusi hutangulia, kijivu hufuata kwa maji yake ya sabuni kuusuuza mpira. Ukigeuza utaratibu huo utajuta. Watoto walijipanga mbele ya kiwiko kile bila kusukumana, jambo ambalo halikupata kutokea mbele ya sinema yoyote. Baadaye siku hiyo tukawapeleka Old Faithful, chemchemi ya maji moto inayofoka takriban kila saa moja na nusu, urefu wa mita 30 hadi 55. Ikafoka. Umati ukashangilia. Mdogo wetu akanivuta shati, akauliza kama hilo ni la kijivu au jeusi.

Wanaolidharau tangi wangeuliza Chicago. Tarehe 8 Agosti 2004, basi la ziara la bendi ya Dave Matthews lilikuwa likivuka daraja la Kinzie Street, ambalo sakafu yake ni wavu wa chuma. Dereva akaona amechoka kubeba, akalifungua tangi papo hapo. Chini, saa hiyohiyo, ikawa inapita boti ya watalii zaidi ya mia moja waliolipa kutazama usanifu wa majengo ya jiji, na anayetazama majengo marefu hutazama juu. Kiasi cha kilo 360 zikawashukia. Dereva alikiri kosa mahakamani, na bendi, ambayo haikuwamo ndani ya basi, ikalipa dola 200,000. Tangi lilikuwa limetunza siri ile kwa uaminifu tangu lilipoianza. Aliyeshindwa kunyamaza ni binadamu. Na sisi wa Dar es Salaam tusicheke sana. Masika yakianza, wako wenye nyumba zao, watu na heshima zao, ambao hungoja mvua inyeshe kwa nguvu usiku wakatapisha vyoo kumwelekea jirani wa bondeni. Wangekuwa wanalala juu ya tangi lao na kulipeleka wenyewe mpaka panapostahili, mtaa ungejua harufu nyingine.

Siku ya kurudisha gari, kijana wa kampuni ya kukodisha alitujia na fomu yake. Hakuuliza makombo ya biskuti kwenye kila mfereji wa dirisha. Hakuuliza dubu aliyechorwa mlangoni mwa friji kwa kalamu isiyofutika. Mkataba ulikuwa na faini ya kila kitu, lakini ile ya tangi lisilomwagwa iliandikwa kwa herufi nene, na huko ndiko alikokwenda moja kwa moja.

“Limemwagwa?”

“Limemwagwa, tena leo asubuhi.”

Akapanda ndani, akabonyeza kibao. Taa zote zikawaka: limejaa. Akabonyeza tena, zikawaka tena. Akanitazama. Watoto nao wakanitazama. Mama akafungua kabati, akanipa glavu.