Sifa za Kutu, Mtumishi wa Umma

Mahindi ya Kitale yana wa kuyasifu, na miwa ya Bungoma ina wa kuitetea bungeni. Kutu haina mtu. Ilhali katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma sijaona mtumishi wa umma anayeripoti kazini mapema kuliko yeye. Haendi likizo, hagomi, haombi kitu kidogo. Anachodai ni maji na hewa tu, na ukimnyima kimojawapo hukaa kitako bila kinyongo.

Wapo wanaomwita mgeni mharibifu. Mgeni ni chuma! Chuma hakichimbwi kikiwa kinang'aa. Huchimbwa kikiwa mawe, kimeshikana na oksijeni, na wahunzi wa Samia, kule mpakani na Uganda, waliyachoma mawe hayo kwa makaa vizazi hadi vizazi ili kuiondoa oksijeni hiyo wapate kufua majembe. Kutu hulirudisha jembe kwao. Isitoshe, udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Elgon umepata rangi yake kwa oksidi za chuma, ndugu wa damu wa kutu. Anayejivunia shamba lake jekundu huku akiitukana kutu ana ubaguzi wa ukoo.

Kazi yenyewe ni ya ufundi. Tone la maji likitua juu ya panga, sehemu moja ya chuma huanza kuyeyuka ikiachilia elektroni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni iliyomo majini huzipokea. Hiyo ni betri, ndogo lakini kamili. Chuma kilichoyeyuka hukutana na oksijeni zaidi, na hapo wekundu hutokea. Alumini ikipata oksidi hujifunika ngozi ngumu na mambo yakaishia hapo, uchoyo mtupu. Kutu hufura na kubanduka, ikiacha chuma kipya wazi kwa zamu inayofuata.

Kasi ya kazi tunaipanga sisi. Mkulima wa Trans Nzoia hupanda kwa mbolea ya DAP mvua za Machi na Aprili zikianza, kisha huongeza CAN mahindi yakifika magotini. Akimaliza huiacha mashine ya kupandia nyuma ya ghala, mbolea ingali imeganda kwenye mirija. Mbolea hiyo ni chumvi. Huvuta unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, hivyo ile betri hupata nguvu. Watu wa Mombasa huisingizia bahari. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, lakini mvivu wa huko hujitengenezea pwani yake nyuma ya ghala. Mwenzake aliyeiosha mashine, akaikausha na kuipaka oili chafu, hana ugomvi na kutu.

Kwenye mabati ndipo uadilifu wake unapoonekana. Zinki iliyopakwa juu ya bati hujitoa mhanga: bati likikwaruzwa, zinki ya jirani huliwa kwanza, chuma kikabaki. Tabaka likiwa jembamba, muda wa ulinzi nao ni mfupi. Mwenye duka hatakuambia. Kutu atakuambia, kwa maandishi mekundu juu ya paa, mtaa mzima usome.

Ripoti yake kubwa aliiandika Webuye, Bungoma. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kazi miaka ya 1970, kikipika mbao kwa kemikali zenye salfa, na wenyeji walilalamika kuhusu uvundo na mabati yaliyotoboka kabla ya wakati. Gesi za salfa zikikutana na unyevu huweza kufanya asidi, na asidi huila zinki haraka kabla haijageukia chuma. Moshi hupeperuka ukaenda zake. Paa hubaki na ushahidi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009.

Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, kwa sababu ya wanaong'oa vyuma vya minara ya umeme. Wafanyabiashara walitii, au walijifanya kutii. Kutu aliendelea kula vyuma usiku na mchana, bila leseni, na hakuna polisi aliyemsimamisha.

Najua bado wapo watakaotaka kumfukuza. Waende kwa fundi wa kuchomelea mageti. Fundi mwaminifu atakwangua geti kwa msasa hadi chuma king'ae, maana rangi ikipakwa juu ya kutu huificha tu ikiendelea kutafuna. Kisha atakutuma dukani ukanunue redoksaidi, ile rangi ya kwanza. Wekundu wa rangi hiyo ni oksidi ya chuma. Yaani hata askari wa kumzuia kutu getini umemwajiri kutoka ukoo wake, na umemlipa wewe.