Jiwe Halina Mdhamini

Tangu miaka ya 1920, kampuni ya Kibelgiji Union Minière ilipoanza kuchimba mgodi wa Kipushi, Kongo, hakuna aliyeiuliza shaba ilisomea wapi wala nani ataigharamia ikifika Ubelgiji. Mgodi ulisimama 1993, ukafunguliwa tena 2024. Zinki ikapanda lori, ikavuka mpaka bila kuandika barua ya kujieleza. Kijana wa hapahapa akiomba chuo Ubelgiji, diploma yake ya Leta, yaani ya serikali, sharti kwanza ipimwe kama inalingana na ya kwao. Asiye na ufadhili wala fedha zake za kutosha atafute mdhamini mwenye mshahara mnono, kisha aeleze masomo yakiisha atakwenda wapi. Zinki haikuulizwa kama itarudi. Basi wazazi, mnaowahimiza watoto wasomee jiolojia, wahimizeni wawe mawe.