Sifa za Muhuri wa Mpira

Anayetaka kufungua ofisi ya uwakili Werugha husumbuliwa na kila kitu isipokuwa muhuri. Chuo kikuu humshika miaka minne. Shule ya Sheria ya Kenya, kule Karen, humrudisha darasani. Kisha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, humkataza kujitegemea mpaka afanye kazi miaka miwili chini ya wengine. Hata jina la ofisi hukataliwa kwenye eCitizen, eti linafanana na la mtu. Lakini fundi wa mihuri mjini Voi haulizi cheti. Anauliza jina linaandikwaje, na chai yako haijapoa umeshakuwa Wakili na Kamishna wa Viapo.

Tena muhuri una subira. Leseni ya wakili hufa kila tarehe 31 Desemba, akalipie upya, muhuri haufi. Januari mosi unaamka na wino wake, haujali nani amelipa na nani bado. (Uaminifu huu unaweza kumfikisha mtu pabaya, lakini leo tumekuja kusifu.)

Wajuzi watanung'unika kwamba sheria haiupi ukubwa huo. Hati aliyoiandaa wakili, kifungu cha 35 cha Sura hiyo ya 16 kinadai jina na anwani ya mwandishi, basi. Kanuni za viapo ndizo zinazoukumbuka: viambatisho vifungwe kwa muhuri wa kamishna. Nchi nzima sasa inafungua kesi kwa mtandao, na mpira bado unagonga meza.

Heshima yake kamili iko huku milimani Werugha. Mzee anaingia na bahasha ya nailoni: baba yake ni Mwang'ombe kwenye hati ya shamba, Mwangombe kwenye kitambulisho. Wakili anauliza, anaandika, umeme unapotea, anaandika tena. Anaapisha, anatia saini. Mzee hanyanyuki.

"Wakili, mbona hujagonga?"

"Wino wa saini haujakauka, mzee. Ukungu huu."

"Saini hata mjukuu wangu anatia. Gonga, mwanangu."

Kishindo kimoja, duara la zambarau lililopinda kidogo upande wa kushoto. Mzee anapuliza karatasi, anaitazama dirishani, anaridhika. Bei ikitajwa anashangaa.

"Zote hizo za muhuri?"

"Na maandishi, mzee, na ushauri."

"Ah, yale tulikuwa tunaongea tu."

Akahesabu pesa za muhuri.